Siku moja maishani mwangu: gari linalochemsha likiwa mbio tu

Saa moja kasorobo asubuhi nilikuwa nimeshafungua gereji. Nikisema mimi ni fundi wa magari, watu huona spana, grisi na nati. Jana spana niliishika labda saa moja na nusu kwa jumla. Muda uliobaki nilikuwa nauliza maswali, nagusa mipira ya maji, nasubiri chuma kipoe, na nabishana na mtu asiyetaka kulipia kitu asichokiona kwa macho. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na nina miaka 17 ndani yake.

Gari lilikuwa la miaka ya 90. Mwenye gari, mzee wa makamo, alikuwa ameshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha rejeta, wa pili akabadilisha mfuniko wa rejeta na feni, wa tatu alisema "nimeshairekebisha" bila kueleza amefanya nini. Nilimwomba gari lilale kwangu, maana injini iliyolala usiku kucha hukuambia mambo ambayo ikiwa ya moto huwezi kuyaona.

Saa moja kamili nilifungua mfuniko. Maji yalikuwa yameshuka vidole vitatu chini ya shingo ya rejeta, na rangi yake ni ya kutu. Maana yake kwa muda mrefu yamejazwa maji matupu bila kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta ili kuzuia kutu, na maji matupu hula chuma kutoka ndani. Stiki ya oili ilikuwa safi, haina ule uji mweupe unaotokea maji yakiingia kwenye oili. Nikapata moyo kidogo kuhusu gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha maji, oili na moto wa injini, lakini moyo si kipimo.

Mzee alifika saa mbili kasoro. Nikamwuliza, "Mzee wangu, inachemsha ukiwa kwenye foleni au ukiwa mbio?"

"Inachemsha tu, fundi."

Nilimwuliza swali lile mara nne kwa namna nne. Mwisho akakumbuka: kwenye foleni haijawahi. Inaanza akishaendesha kwa kasi kama dakika 20, na mlimani ndiyo mbaya zaidi. Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, ingawa yeye aliona nampotezea muda. Kwenye foleni hewa inayopoza rejeta inatoka kwa feni peke yake, kwa hiyo feni ikifa gari huchemsha likiwa limesimama au linatambaa. Ukiwa mbio upepo wa barabarani unatosha. Gari likichemsha hapo, ama maji hayazunguki inavyotakiwa, ama injini inaingiza moto kwenye maji kutoka ndani. Feni aliyonunua hakuihitaji.

Nikawasha injini, mkono juu ya mpira wa juu wa rejeta. Injini ikiwa baridi mpira huo unatakiwa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafla uwe wa moto themostati ikifunguka (ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), nyingi kwenye nyuzijoto 82 hadi 88. Huu ulianza kupata uvuguvugu mapema, polepole, bila ile ghafla. Nikajua themostati ama imekwama wazi ama haipo. Nilipokuja kufungua nyumba yake baadaye, ilikuwa tupu.

Hili linaniuma sana. Fundi anaona gari linachemsha, anang'oa themostati, anamwambia mteja sasa maji yatapita kwa uhuru. Kwenye injini kama hii themostati ina sahani ya pili kwa chini, inayoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuigusa rejeta. Umemwondolea mtu kinga kwa jina la matengenezo.

Saa tatu mpaka saa tano: magari mawili ya breki, moja la betri, na simu nyingi.

Katikati ya hayo nilipima gasketi. Kuna chombo unachokiweka kwenye shingo ya rejeta, kina kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya moshi kutoka ndani ya silinda. Dakika kumi, buluu ileile. Nikatia shinikizo kwenye mfumo, nikaliacha robo saa, mshale haukushuka. Hauvuji popote. Nikaupima na mfuniko wake mpya. Umeandikwa 0.9, yaani baa, kipimo cha shinikizo, lakini ulikuwa unaachia kwenye 0.4. Mfuniko si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike tu. Shinikizo la baa 0.9 huyafanya maji yachemkie karibu nyuzijoto 118 badala ya 100, na kwenye 0.4 unapoteza kama nyuzi tisa za kinga hiyo. Ilikuwa sababu, lakini sikuridhika kwamba ndiyo yote.

Mzee aliridhika. "Basi weka mfuniko niondoke."

Nikamwambia hapana, twende barabarani kwanza. Tukaenda. Dakika ya 18 mshale wa geji ukaanza kupanda. Nikafungulia hita mpaka mwisho na feni yake juu, kwa sababu hita ni rejeta ndogo na hunyang'anya injini joto, tukarudi polepole madirisha wazi. Nilipozima gari gereji na kugeuka kuchukua kipimajoto, nikamkuta mzee ameshafungua boneti, ana kitambaa mkononi, na kitambaa kiko juu ya mfuniko.

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu wa umri ule, nikamshika mkono na kuuvuta. Alikasirika, akaniuliza namfundisha kufungua gari lake mwenyewe? Nikakunja mkono wa ovaroli nikamwonyesha kovu langu, linaanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko. Nililipata mwaka wangu wa pili. Maji yaliyo juu ya nyuzijoto 100 yanabaki maji kwa sababu tu yamebanwa. Ukiyafungulia yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni, na kitambaa hakizuii kitu. Alilitazama kovu muda mrefu. Hakuomba radhi, na mimi sikuihitaji, ila alirudi nyuma hatua mbili na hakugusa tena.

Kisha kusubiri. Hapa ndipo wateja hunichukia. Wanaona fundi amekaa, gari limekaa, na saa inakwenda. Alinijia mara tatu kuuliza kwa nini sifanyi kitu. Akampigia mtu simu karibu yangu, kwa sauti ya kunisikilizisha, akisema fundi mwenyewe hajui anachotafuta. Nilikula nimesimama. Mgongo ulikuwa umeanza kuuma, na spanaboi wangu, kijana anayejifunza kazi kwangu, ananitazama aone nitajibu nini. Sikujibu.

Injini ilipopoa tukaongeza maji, tukainua gari kwenye stendi, nikalala chini na tochi. Nikamwambia kijana apandishe mzunguko wa injini taratibu mpaka 3,000 kwa dakika na aushikilie hapo. Mpira wa chini wa rejeta ndio unaopeleka maji kwenye pampu, na pampu huvuta. Kwenye gari hili umejificha nyuma ya kikinga cha plastiki ambacho wenzangu watatu, inaonekana, hawakukiondoa. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Joto likapanda, mpira ukalainika, halafu nikauona unaingia ndani katikati, unabanwa, unakuwa bapa kama umekanyagwa. Kijana akaachia mafuta. Mpira ukajaa tena, mzima kabisa.

Nikamwambia arudie. Ikawa vilevile.

Ndiyo maana hakuna aliyeuona. Gari likisimama, ugonjwa unaondoka. Ndani ya mpira ule kulikuwa na springi ya waya ya kuutanua, na nilipoukata nikakuta imeliwa na kutu, vimebaki vipande. Na kwa kuwa mfuniko haubani, hapakuwa na shinikizo la kutosha la kuusukuma mpira usifinywe na mvuto wa pampu. Kutu ya maji matupu, mfuniko dhaifu, themostati iliyong'olewa, vyote vimeshikana mikono.

Nilimwita mzee alale chini aone mwenyewe. Alilala juu ya kipande cha boksi, akatazama mara mbili. Aliposimama akasema, "Kumbe ni mpira tu? Sasa siku nzima ya nini?"

Nilikuwa nimechoka mno kukasirika. Nikamwambia mpira ni bei ndogo, ila kujua kwamba ni mpira ndiko kulikochukua siku nzima, na bila siku hiyo angenunua pampu, kisha gasketi, kisha injini. Akanyamaza.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipomaliza. Giza lilikuwa limeingia. Tulisafisha mfumo mpaka maji yakatoka meupe, tukaweka mpira mpya, mfuniko unaobana 0.9, themostati ya 82, kisha kulanti nusu na maji yaliyochujwa nusu. Kutoa hewa peke yake kulichukua dakika 40, hita ikiwa wazi, kijana anaminya mpira wa juu na mimi natazama mapovu mpaka yakaisha. Hewa ikibaki mle ndani, kazi yote ni bure.

Tukatoka naye tena, njia ileile, dakika 40 na mlima mara mbili. Mshale ulikaa chini kidogo ya nusu na haukutikisika. Mzee alikuwa anautazama kuliko barabara, ikabidi nimkumbushe aangalie mbele.

Alilipa alichotakiwa, akalalamika kidogo, akalipa. Nimemwambia alete gari asubuhi kabla halijapata moto, nione maji yameshuka kiasi gani baada ya usiku wa kwanza. Amesema saa moja atakuwa mlangoni.