Kilomita 10 chini ya dakika 50: kumbukumbu za wiki nane za mwanzo wa kiangazi

Wiki ya 1

Naliandika lengo hapa ili nisije nikalikana baadaye: kilomita 10 chini ya dakika 50. Muda wangu bora mpaka leo ni 52:31, niliouweka miezi saba iliyopita, asubuhi ya baridi, njia tambarare. Chini ya dakika 50 maana yake ni kila kilomita kwa dakika tano kasoro kidogo, mara kumi mfululizo. Mashindano yako wiki nane mbele. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kukimbia. Sina kocha, nina saa ya mkononi ya GPS na daftari lililoanza kunuka jasho.

Ratiba: Jumanne kasi uwanjani, Alhamisi mwendo wa polepole, Jumamosi njia za msituni, Jumapili mbio ndefu. Siku zilizobaki ni kupumzika, au kujifanya napumzika.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni jua.

Wiki ya 2

Jumapili nilichelewa kuamka. Nikatoka saa 3 asubuhi, nyuzi joto 29, hewa imetulia kama ya ndani ya chungu. Daftari lilisema kilomita 8, tano za katikati kwa mwendo wa mashindano. Mtu mwenye akili angebadilisha mpango. Mimi niliufuata kama amri ya jeshi.

Kilomita ya tatu mapigo ya moyo yalikuwa 181. Kwa mwendo ule ule, mwezi uliopita, yalikuwa 166. Nikasema saa imeharibika. Kilomita ya tano vinyweleo vya mikono vikanisimama na nikahisi baridi, juani, jasho likinichuruzika. Hapo hata mimi niliogopa. Nikakaa chini ya mti, kichwa kinazunguka, nikajimwagia maji yote yaliyobaki kwenye chupa shingoni na kichwani, na nikarudi nyumbani kwa miguu baada ya nusu saa.

Nimesoma baadaye nikaelewa. Misuli inayokimbia hugeuza takribani robo tu ya nishati yake kuwa mwendo. Iliyobaki yote ni joto, na lazima litoke. Mwili hulitoa kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Kwa hiyo damu ile ile inadaiwa na wawili: misuli inataka hewa, ngozi inataka kupoa. Moyo ndio unaolipa, kwa kupiga haraka zaidi. Saa yangu ilikuwa nzima. Na ule msisimko wa baridi juani ni onyo la kuacha papo hapo na kutafuta kivuli. Halisubiri umalize kilomita.

Wiki ya 3

Kuna mzee wa kofia nyeupe anayekimbia njia ya kando ya mto. Namkuta karibu kila Alhamisi. Umri wake sijauuliza, lakini nadhani wajukuu wake wananizidi kasi. Alhamisi hii nilimfikia kwa nyuma na kumwamkia:

"Shika... moo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, sauti kama ya mtu aliyekaa kitini. "Leo una mazoezi gani?"

"Ya pole... pole, mzee."

Akacheka mpaka akashika kofia. Akaniambia kama salamu ya neno moja inakatika vipande viwili, hizo si mbio za polepole. Tukakimbia pamoja kilomita 5 na akanilazimisha nimsimulie mechi ya mpira niliyoitazama jana yake, bao kwa bao, bila kukata sentensi. Kila nilipohema alipunguza mwendo. Tuliishia kwenye 6:50 kwa kilomita. Nilikuwa nimezoea kuiita kasi hiyo kutembea.

Kabla hatujaachana nilimweleza yaliyonipata Jumapili ile. Akasema jambo ambalo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari: JOTO SIKU YAKE, KASI SIKU YAKE. Ukitaka kasi, amka kabla ya jua. Ukitaka kuzoea jua, litafute makusudi, lakini siku hiyo mwendo usahau.

Wiki ya 4

Nimepanga upya kila kitu. Jumanne na Jumapili natoka saa 11 na nusu alfajiri. Kiangazi kinapoanza, mchana unarefuka na mwanga wa kutosha kuona mashimo unapatikana mapema. Alhamisi, pamoja na siku mbili zaidi nilizoziongeza, natoka saa 10 jioni wakati ardhi bado inapumua moto, dakika 40 hadi 60, mwendo wa kusimulia mechi.

Mwili huzoea joto haraka kuliko nilivyodhani. Inachukua siku 10 hadi 14 hivi za kukutana nalo, na mabadiliko makubwa huanza wiki ya kwanza: maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi, na chumvi ndani yake inapungua. Hilo la mwisho nimeliona kwa macho. Mwanzoni fulana nyeusi ilikauka na ramani nyeupe mgongoni. Mwisho wa wiki ramani imefifia.

Nimepima pia jasho, kazi rahisi isiyohitaji chochote zaidi ya mizani. Kabla ya kukimbia, bila nguo: kilo 68.4. Baada ya dakika 80, nimejifuta: 67.1. Nilikunywa nusu lita njiani. Kilo moja ni kama lita moja, kwa hiyo nimetoa lita 1.8, au lita 1.35 kwa saa. Sasa najua kwa nini kichwa kilikuwa kinaniuma kila Jumapili mchana. Lakini pia sijaribu kuyarudisha yote kwa mkupuo mmoja: kujijaza maji matupu kupita kiasi hupunguza makali ya chumvi kwenye damu, na hilo lina hatari zake.

Wiki ya 5

Wiki nzuri kuliko zote, na kasi haihusiki.

Ijumaa jioni tulitoka watatu, mimi na majirani wawili, tukapiga hema kwenye uwazi wa msitu. Jumamosi tulianza kukimbia umande ukiwa bado kwenye nyasi. Raba zililowa ndani ya mita mia mbili, na baada ya hapo hakuna aliyejali tena. Njia za msituni zina adabu yake: macho hatua tatu mbele, hatua fupi, mikono imepanuka kidogo. Kwenye miinuko mikali tulitembea, mikono magotini, bila aibu. Nilijikwaa kwenye mzizi mara moja na kuanguka kifudifudi kwenye majani makavu. Jirani akaniruka juu kama kikwazo na kuendelea. Tulicheka mpaka mmoja akapata kichomi.

Kilomita 12 kwa saa moja na dakika 34. Chini ya miti kuna ubaridi wake, na pale juu palipokuwa na upepo jasho lilikauka kabla ya kudondoka, ambayo ndiyo kazi yake hasa: jasho linalodondoka halikupozi, linalokauka ndilo linalokupoza. Ndiyo maana siku ya unyevu ni mbaya kuliko siku ya jua kavu hata kipimajoto kikisoma namba ile ile.

Kurudi tulichovya miguu kwenye kijito mpaka ikafa ganzi, kisha tukakaguana kupe. Nilikuwa nao wawili nyuma ya goti. Asiyejikagua akitoka nyasini ajue amebeba wageni.

Wiki ya 6

Jumanne uwanjani: mita 800 mara sita, kila moja kwa 3:50, kupumzika dakika mbili. Nilizimaliza zote. Ya mwisho 3:46. Sijawahi.

Wiki ya 7

Raba za zamani zimetembea zaidi ya kilomita 800, soli imelala upande. Nikanunua mpya na, kwa busara yangu, nikaenda nazo moja kwa moja kwenye mbio za Jumapili za kilomita 14. Lengelenge kubwa kwenye kisigino cha kushoto. Nimelifunika bila kulibandua ngozi, na siku ya mashindano nitavaa zile za zamani. Kigimbi cha kulia pia kimekaza kidogo. Wiki hii nimepunguza umbali karibu nusu, na kupumzika kunaniudhi kuliko mita 800.

Utabiri wa hali ya hewa unasema nyuzi 27. Nimeanza kujiuliza kama 50 bado ni namba ya kweli. Nimejikumbusha Doha 2019, mashindano ya dunia ya riadha: marathoni ya wanawake ilianza karibu saa 6 usiku kulikwepa jua, na bado joto lilizidi nyuzi 30 na unyevu ulikuwa mzito. Walianza 68, na 28 hawakumaliza. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa 2:32:43, ilhali Januari mwaka huo huo alikuwa amekimbia 2:17:08 kule Dubai. Robo saa nzima imeliwa na hewa. Ikiwa hali hiyo inampata bingwa wa dunia, mimi na daftari langu ni nani? Nimeamua kuanza kwa 5:05 kwa kilomita, si 4:58, na kuamua mengine baada ya kilomita ya nane.

Wiki ya 8: mashindano

Tulipaswa kuanza saa 12 na nusu asubuhi. Tukaanza saa 1 na dakika 10, sababu hatukuelezwa. Dakika 40 za jua linalopanda. Nilihama na kivuli cha ukuta kila kilivyosogea, nikajimwagia maji kichwani, nikatazama watu wakipasha mwili moto kana kwamba kulikuwa na baridi.

Nilibonyeza saa mwenyewe kwenye kila kibao cha kilomita: 5:04, 5:02, 5:01, 5:05, 5:06. Nusu ya kwanza 25:18. Kundi kubwa lilinipita mwanzoni, na kati ya kilomita ya nne na ya sita nilianza kuwaokota mmoja mmoja, wengine wakitembea wameshika viuno. Kituo cha maji nilichukua vikombe viwili: kimoja mdomoni, kimoja kichwani.

Ya sita 5:12. Ya saba, yenye kilima, 5:18, na pale juu nikajua 50 imeondoka. Ajabu ni kwamba sikuvunjika moyo. Nilikagua mikono, hakuna msisimko wa baridi, kichwa kiko sawa. Ya nane 5:09, ya tisa 5:07. Kisha nikaachia kila kilichobaki: 4:49.

50:53.

Saa inadai nimekimbia kilomita 10.14, kwa hiyo kwa mujibu wake mwendo wangu ulikuwa 5:01. Nimejaribiwa kuiamini. Lakini njia za mashindano zilizoidhinishwa hupimwa kwa mstari mfupi kuliko wote unaowezekana, sentimita 30 tu kutoka ukingoni kwenye kona, na mimi kila kona nilikuwa nje nikitafuta kivuli. Hizo mita 140 ni zangu. Rekodi imeshuka kwa dakika 1 na sekunde 38. Lengo limenishinda kwa sekunde 54. Yote mawili yameandikwa.

Baada ya siku nne

Kigimbi bado kigumu nikishuka ngazi. Alhamisi jioni nilitoka dakika 30 tu, kando ya mto, joto kama kawaida. Kofia nyeupe ilikuwa mbele yangu. Nilimfikia taratibu.

"Shikamoo, mzee wangu, nimekimbia hamsini na sekunde hamsini na tatu na kilima kilikuwepo na walituchelewesha juani dakika arobaini."

"Marahaba," akasema, akaongeza mwendo.