Mawimbi ya Sandwood, ufuo usio na barabara

Hakuna barabara inayofika Sandwood Bay. Gari unaliacha Blairmore, karibu na Kinlochbervie, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi kabisa ya Uskoti, halafu ni kwa miguu: kilomita 6.5 hivi za njia ya mawe na majimaji, ubao wa kuteleza juu ya mawimbi kwapani, suti ya mpira mgongoni, na upepo unauvuta ubao kila unapopanda kilima. Wapenzi wengi wa mawimbi hupitiliza mpaka mji wa Thurso, kwenye mwamba maarufu ambako mashindano ya kimataifa yamewahi kufanyika, na siku mawimbi yanapokuwa mazuri huko watu husubiriana zamu majini. Sandwood ni mchanga mtupu, zaidi ya kilomita moja na nusu za mchanga wenye wekundu kwa mbali, na kusini mwake nguzo ya mawe ya Am Buachaille imesimama baharini, zaidi ya mita 60 kwenda juu. Unaweza kushinda pale kutwa nzima usimwone mtu majini isipokuwa uliyekuja naye.

Nilikuja nchi hii kwa ajili ya kazi, kama wengi wetu. Maisha ya ughaibuni, hasa miaka ya mwanzo, ni kufuata maelekezo ya wengine. Zamu amekupangia mtu, basi lina ratiba yake, fomu inakuambia uandike wapi na usiguse wapi. Unazoea kuuliza kabla ya kutenda, na baada ya muda unasahau kwamba kwenu ulikuwa mtu wa kuamua. Sandwood hakuna wa kumuuliza. Hakuna bendera za kuonyesha mahali salama, hakuna mwokoaji aliyekaa akitazama, hakuna kundi la watu majini ambalo ungeliangalia ukajua pa kuingilia na pa kusubiria. Bahari unaisoma mwenyewe, na jibu lako unalithibitisha kwa mwili wako. Hilo ndilo linalonipeleka. Utulivu na uzuri wa mahali naupenda, lakini utulivu upo sehemu nyingi Uskoti.

Kusoma kunaanza nyumbani, siku mbili tatu kabla. Ghuba inatazama magharibi na kaskazini-magharibi. Upande wa kusini-magharibi, ambako dhoruba nyingi za Atlantiki hupitia, kuna kisiwa cha Lewis na visiwa vingine vya Hebrides, navyo huyakata mawimbi kabla hayajatufikia. Tunayoyangoja ni yale yanayotoka kaskazini-magharibi, pande za Iceland. Kule dhoruba inakovuma bahari ni vurugu tupu, makubwa na madogo yamechanganyika. Yakishaondoka hapo, safari yenyewe inayachambua: mawimbi yenye nafasi ndefu kati ya moja na jingine hutangulia, mafupi hubaki nyuma na kufifia njiani. Kundi la mawimbi yanayofuatana kila baada ya sekunde 12 husafiri kwa mwendo wa kilomita 34 hivi kwa saa, kwa hiyo kutoka kusini mwa Iceland hutufikia baada ya siku moja na saa kadhaa. Mwaka 1963 mwanasayansi wa bahari Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi yaliyozaliwa kwenye dhoruba za karibu na Antaktika yakavuka Pasifiki yote mpaka Alaska. Nikiwaza hayo nikiwa nimekaa juu ya ubao, wimbi linalokuja huwa na heshima yake. Limetoka mbali kuliko macho yangu yanavyoona.

Kwa hiyo nikifungua utabiri siangalii kwanza urefu wa wimbi, naangalia sekunde kati ya wimbi moja na jingine. Wimbi la mita 1 lenye sekunde 12 ni zuri kuliko la mita 2 lenye sekunde 6, maana hilo la pili limepigwa na upepo wa jirani tu, halina umbo. Kisha upepo. Upepo wa bara, ambao kwa Sandwood ni ule wa mashariki au kusini-mashariki, hulipuliza wimbi usoni, likasimama wima kidogo zaidi kabla ya kuvunjika. Upepo wa kutoka baharini hulibomoa. Mwisho ni maji: bamvua pale hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 4, na ufuo ulioukuta asubuhi sio ule wa saa nane mchana.

Tukifika hatuvai suti. Tunapanda vilima vya mchanga na kukaa nusu saa nzima, hata kama mawimbi yanaita. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Sutherland, ndiye aliyeanza kuniketisha hivyo, na ningemwomba kila anayeanza aige. Mawimbi huja kwa makundi. Utaona matano ya wastani, utulivu, halafu makubwa matatu yanayofuatana. Ukiingia baada ya kutazama dakika tano unaweza kuwa umeona utulivu peke yake. Unatazama pia yanavunjikia wapi. Wimbi la mita 1 huvunjika linapofika kwenye kina cha mita 1.3 hivi, kwa hiyo kila mstari wa povu unakuchorea fungu la mchanga lililofichika chini. Kwenye mwamba kama wa Thurso ramani hiyo haibadiliki. Kwenye mchanga inabadilika daima. Dhoruba za kipupwe hubeba mchanga wa ufuoni na kuulaza nje kidogo, mawimbi mapole ya kiangazi huurudisha, na mto unaotoka ziwa la Sandwood Loch nao hujichimbia njia yake. Ujuzi wa mwaka jana haukufai kitu, na mimi naona hiyo ndiyo raha kubwa ya ufuo wa mchanga.

Sasa tazama katikati ya mistari ya povu. Kuna mahali mawimbi hayavunjiki, maji yana rangi nzito na uso wake umekunjamana kunjamana. Mgeni hupaona shwari akapachagua. Pale ndipo maji yote yaliyosukumwa ufuoni yanaporudia baharini, na mkondo huo unaweza kukimbia kuliko muogeleaji hodari. Anayejua kuteleza huutumia kwenda nje bila kupambana na povu, kisha akiwa nje hukata kando hadi kwenye fungu la mchanga. Asiyejua akivutwa hujaribu kuogelea moja kwa moja kurudi ufuoni hadi anaishiwa nguvu. Mkondo ni mwembamba. Mtu huogelea sambamba na ufuo mpaka autoke, au hujilaza chali aelee apumzike kwanza. Ubao usiuache kamwe. Ni chombo chako, na kamba ya mguuni ukaguliwe mshono wake kabla hujaingia, sio baada.

Baridi ndiyo habari inayowatisha ndugu zangu kuliko mkondo. Binamu yangu aliyeko Leicester aliniambia kwa simu, “Dada, maji ya huko si yanaua?” Yanaweza, na sitamdanganya mtu. Mwishoni mwa kipupwe bahari ya kule huwa nyuzi 7 au 8, na mwisho wa kiangazi hufika 13 au 14. Mwili ukitumbukia ghafla kwenye maji hayo unashtuka, pumzi inakatika na kuja juu juu, na dakika chache hizo za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Kinachotuwezesha kukaa saa mbili ni suti ya niopreni, aliyoibuni mwanafizikia Mmarekani Hugh Bradner mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watu husema inakupasha joto kwa maji yanayoingia ndani yake. Sivyo. Ni mpira uliojaa viputo vya gesi visivyohesabika, na viputo hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoke. Maji yanayoingia yanatakiwa yawe machache iwezekanavyo. Ndiyo maana suti kubwa kuliko mwili wako haina maana, na ndiyo maana nasema kama una uwezo wa kununua kitu kimoja kizuri, nunua suti, ubao azima. Kule huvaa unene wa milimita 5 au 6, na viatu, glavu na kofia ya mpira. Ukianza kutetemeka bila kujizuia, au vidole vikikataa kukutana, siku yako imekwisha hata kama mawimbi ndiyo kwanza yamepangika.

Neno jingine ninalolisikia ni kwamba huu ni mchezo wa Wazungu, sisi tumeingiaje. Nalijibu kwa moyo mmoja. Mabaharia wa Kapteni Cook waliuona Hawaii miaka ya 1770, na wenyeji walikuwa nao kabla ya hapo kwa vizazi. Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyechukua dhahabu ya kuogelea mita 100 kwenye Olimpiki za 1912 na 1920, ndiye aliyewaonyesha maelfu ya Waaustralia namna ya kusimama juu ya ubao, kiangazi chao cha 1914 kuingia 1915. Na kwenye pwani ambayo leo ni Ghana, wageni kutoka Ulaya waliandika katika miaka ya 1640 na tena katika miaka ya 1830 kuhusu watoto Waafrika waliokuwa wakiingia baharini na vibao na kurudi juu ya mawimbi. Hatukuingia mahali pa watu.

Kuteleza kwenyewe ni sekunde chache. Unakaa juu ya ubao umeelekea upeo wa macho, miguu inaning'inia. Mstari mweusi unainuka mbali. Kwenye ufuo wenye watu hapo ungeanza kuangalia nani yuko karibu zaidi na kilele, maana wimbi ni lake na wewe unampisha. Hapa unaangalia wimbi tu. Unageuza ubao, unalala kifudifudi, unapiga mikono kwa nguvu mpaka unahisi mkia wa ubao umenyanyuliwa. Wepesi wa ghafla ndio ishara: ubao umeanza kukimbia bila wewe. Mikono chini ya kifua, miguu inakuja kwa mara moja, magoti yamelegea, macho yako mahali unapotaka kwenda. Ukitazama chini utaanguka chini. Ukitazama bega la wimbi, pale ambapo bado halijavunjika, ubao hufuata macho, na unakata kando huku povu linanguruma nyuma yako na uso wa maji mbele ni kijani safi. Kwa muda huo hakuna zamu ya usiku, hakuna barua ya ofisi yoyote inayosubiri kujibiwa. Nimejaribu dawa nyingi za uchovu wa ughaibuni na sijapata iliyonifaa kama hiyo.

Hata hivyo peke yangu siendi, na simshauri mtu aende. Ufuo mtupu maana yake ni kwamba msaada uko mbali. Nambari ya dharura ni 999, unaomba walinzi wa pwani. Helikopta za uokoaji zina vituo Stornoway na Inverness, boti za uokoaji za karibu ni za Lochinver na Thurso. Watu hao ni hodari, lakini wote wanahitaji muda kufika, na simu yako kule usiitegemee kushika mtandao. Tunamwachia mtu ujumbe tumekwenda wapi na tutarudi saa ngapi. Majini tunakaa mahali ambapo kila mmoja anamwona mwenzake, na mmoja akitoka, wote tunatoka. Nguvu tunaibakiza, kwa sababu zile kilomita 6.5 zinatusubiri na ubao umelowa. Juni jua huchwa baada ya saa nne usiku, hakuna haraka. Desemba mchana ni kama saa 6 tu, na njia ile gizani haichezewi.

Kuna safari moja tulifika, tukakaa kwenye vilima vya mchanga, tukatazama nusu saa yetu, halafu nyingine. Utabiri ulikuwa umeahidi upepo wa bara na ukageuka. Mawimbi yalikuwa yanaanguka yote kwa pamoja kutoka mwisho mmoja wa fungu hadi mwingine, bila bega la kukimbilia, na mkondo ulikuwa unapita kwenye kona ya kusini kwa kasi niliyoweza kuiona kwa macho. Tulizungumza kidogo, tukakubaliana hapana, tukafunga mizigo. Binamu yangu aliposikia aliuliza, “Yaani mlitembea kote huko mkarudi bila kulowa, Dada?” Ndiyo. Ule uamuzi tuliufanya sisi wawili, kwa tulichokiona, bila bendera nyekundu ya mtu yeyote, na niliona fahari nayo kuliko mawimbi mengi niliyoyakamata. Wiki iliyofuata upepo uligeuka mashariki. Tukarudi, tukakuta fungu limejipanga upande wa kaskazini, maji yamejaa nusu, tukateleza mpaka mikono ikakataa kupiga.