Siku Tatu Chicago na Ratiba ya Mume Wangu

Mume wangu ni mtu wa ratiba. Wiki mbili kabla ya safari alikuwa amekwisha kuchapa karatasi yenye saa na dakika, kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumatatu jioni, na nilipoisoma nikaona kwamba hata kupunga upepo wa Ziwa Michigan kulikuwa kumetengewa nusu saa. Sikumpinga. Hatukuwa tumesafiri wawili peke yetu tangu alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza, nami nilikuwa tayari kufuata karatasi yoyote ile mradi tuwe pamoja.

Tulikwenda mwisho wa juma la Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo Marekani huiadhimisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kuna kichekesho hapo, kwa sababu Mei Mosi inayoadhimishwa na nchi nyingi duniani ina mizizi yake Chicago kwenyewe, katika mgomo wa Mei 1, 1886 wa kudai siku ya kazi isiyozidi saa nane, na katika bomu lililolipuka siku tatu baadaye kwenye mkutano wa wafanyakazi pale Haymarket. Baba watoto alinieleza hayo tukiwa tumesimama mbele ya sanamu ya mkokoteni iliyowekwa kuwakumbuka, jua likituchoma, huku akitupia saa yake jicho kwa kuwa tulikuwa tumechelewa dakika kumi na mbili.

Jumamosi yote ilikwenda hivyo, mbiombio. Tulijitazama katika sanamu ya Anish Kapoor ambayo wenyeji huiita haragwe, iliyotengenezwa kwa mabamba 168 ya chuma kisichoshika kutu yaliyong'arishwa hata maungio yake hayaonekani. Ilimrefusha yeye ikanifupisha mimi, tukapiga picha, tukaondoka. Kisha tukapita kati ya simba wawili wa shaba wanaolinda ngazi za jumba la sanaa, na ndani yake ndipo tulipogombana, kwa ile sauti ya chini ambayo watu hugombana nayo wakiwa katika makumbusho. Nilikuwa nimesimama mbele ya mchoro mkubwa wa Georges Seurat, wenye upana wa mita tatu hivi, alioukamilisha mwaka 1886 kwa kupanga vitone vya rangi kimoja kimoja. Unaonyesha watu waliokuja kupumzika kando ya mto siku ya Jumapili, na kadiri nilivyoutazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba wengi wao wametazama upande mmoja, na karibu hakuna anayemwangalia mwenzake. Mume wangu akaninong'oneza kwamba muda wa chumba hicho umekwisha. Nikamwambia, "Hawa nao wamekuja kupumzika, baba watoto, watazame walivyo." Hakunijibu, na chakula cha jioni tulikila kimya.

Jumapili asubuhi karatasi ilitupeleka kwenye jengo la Willis, lenye urefu wa mita 442, ambalo kwa miaka mingi, hadi 1998, ndilo lililokuwa refu kuliko yote duniani. Katika ghorofa ya 103 yapo masanduku ya kioo yaliyochomoza nje ya ukuta, kiasi kwamba ukisimama ndani yake huna chini ya nyayo zako ila barabara na magari madogo kama kunguni. Mpangaji wa safari alifika ukingoni, akatazama chini, akarudi nyuma hatua tatu na kushika nguzo. "Tangulia, mama watoto, mimi nitapiga picha," akasema. Mimi ninayeogopa hata kupanda kiti kubadilisha balbu nikaingia, na hadi leo sijui nguvu ile niliipata wapi. Picha zote alizopiga zimetikisika. Nilijizuia kucheka hadi tulipoingia kwenye lifti, na huko akaanza kucheka yeye. Karatasi ikakunjwa ikaingia mfukoni, na sikuiona tena.

Alasiri tulipanda mashua mtoni. Sina mapenzi makubwa na majengo, lakini nilifurahia minara miwili ya Marina City, ambayo kwa hakika ni magunzi mawili ya mahindi yaliyosimamishwa, na magari yameegeshwa kwa kuzunguka katika ghorofa za chini kama punje. Kilichomkamata mume wangu ni mto wenyewe. Zamani ulimwagika ziwani pamoja na uchafu wote wa mji, na ziwa hilo hilo ndilo lililokuwa maji ya kunywa. Basi wakachimba mfereji wa kilomita 45, na mwaka 1900 mto ukageuzwa, ukaanza kulipa ziwa kisogo. Akauliza uchafu ulikwenda wapi. Ulikwenda kwa walio chini ya mkondo, na jimbo la Missouri lililalamika mahakamani likashindwa mwaka 1906. Tulilizungumza jambo hilo jioni nzima, kisha tukahamia kwenye mambo yetu wenyewe, ambayo kwa miaka kadhaa tulikuwa tukiyaahirisha hadi watoto walale, nasi tukilala kabla yao.

Jumatatu hatukuwa na mpango. Tulizunguka katika bustani ya wanyama ya Lincoln Park, ambayo haina kiingilio, kisha tukapanda treni ya njia ya kahawia kurudi katikati ya jiji. Treni hiyo hupita juu ya nguzo, karibu na madirisha ya ofisi kiasi cha kuona vikombe vilivyoachwa mezani, huvuka mto, huzunguka katikati ya jiji, kisha hurudi ilikotoka. Tulikuwa tukizungumza kuhusu mama yake. Nilipoinua macho niliona maji ya mto chini yetu kwa mara ya pili, nikajua kwamba kituo chetu tulikuwa tumekipita zamani. Nilimtazama, naye alikuwa akiyatazama maji yale yale. Akaendelea na habari za mama yake.