Nilivyojifunza kuuza krispi kwa kalenda ya korosho

Mwaka 2022 niliajiriwa kuwa mtu wa mauzo wa kampuni moja kubwa ya vitafunwa vya pakiti: krispi, biskuti, karanga za chumvi na vile vijiti vya mahindi vinavyowaachia watoto vidole vya rangi ya chungwa. Jina la kampuni nalihifadhi, maana mshahara bado unatoka huko. Eneo langu ni mkoa wa Mtwara na kipande cha Lindi. Ukimwambia mtu wa mtaani kwetu kwamba uko kampuni kubwa, anaona kiyoyozi na kiti cha kuzunguka. Ofisi yangu ni Kenta, lori dogo lenye bodi la bati, na mwenzangu wa ofisi ni dereva, mzee wa Kimakonde ambaye kila mtu barabarani anamwita Babu, mimi nikiwemo.

Kabla ya kupewa gari tulikaa wiki moja Dar es Salaam kwa mafunzo. Karibu yote yalikuwa maneno: ingia dukani na salamu, panga rafu mwenyewe, usimwulize mwenye duka kama anahitaji kitu maana atakujibu hapana. Siku moja tu tulipelekwa kiwandani, na ndiyo ninayoikumbuka mpaka leo. Viazi vinateremshwa kwenye malori kutoka nyanda za juu kusini, vinamenywa na mashine, vinakatwa vyembamba sana, vinaoshwa ili wanga utoke maana ukibaki vipande vinagandana na kuungua, halafu vinazama kwenye mafuta ya nyuzi 180 hivi kwa dakika chache. Pakiti haifungwi na hewa hii tunayovuta. Inajazwa naitrojeni, kwa sababu oksijeni ikikutana na mafuta, krispi inaanza kunuka kabla ya siku zake, na pia hewa ile ndiyo mto wa kuzuia vipande visipondeke njiani. Fundi wa ubora alichukua pakiti moja, akaizamisha kwenye beseni la maji, akaibana kwa viganja. Viputo vikitoka, alisema, pakiti inavuja.

Nilidhani hiyo ni habari ya kiwandani tu. Mwezi wangu wa pili nikaikuta Kitangari, kwa mama mmoja mwenye duka la rejareja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hizi krispi zenu mnauza upepo. Nikiibonyeza hii, nakuta viazi vitano."

Pakiti zenyewe zilikuwa zimetuna kuliko zilivyokuwa Mtwara mjini. Ukitoka pwani ukapanda uwanda wa Makonde, hewa ya nje inapungua nguvu na ile ya ndani inajitanua, kwa hiyo pakiti inavimba kama imekasirika. Nikaanza kumweleza habari ya naitrojeni, nikanogewa, nikamwomba beseni la maji nimwonyeshe ile ya kiwandani. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa.

"Maji ya kuchezea? Unajua huku kwetu ndoo inapatikanaje?"

Babu akacheka mpaka akatoka nje. Yeye ndiye aliyeniokoa. Alirudi na pakiti mbili za katoni moja, moja imesinyaa na moja imetuna, akazipasua zote mbele ya yule mama na kumwambia aonje. Ile iliyosinyaa ilikuwa laini kama kipande cha godoro. Iliyotuna ilivunjika kwa mlio. Mama akatafuna, akafikiri, akasema sawa, lakini bei ya upepo nimpunguzie. Sikumpunguzia, na katoni alichukua.

Hayo yalikuwa matatizo matamu. Tatizo lenyewe lilikuwa tageti. Kampuni ilichukua mauzo iliyotaka kwa mwaka mzima, ikagawa kwa 12, ikanipa. Februari sawa na Novemba, Mei sawa na Desemba. Kwa Dar es Salaam huenda inakaa sawa. Huku kwetu mwaka hauna miezi 12 inayofanana. Korosho inaanza kuokotwa kuanzia Septemba na Oktoba, minada inaanza, wakulima wanapeleka mzigo ghalani kupitia AMCOS, yaani vyama vyao vya ushirika, na fedha inaingia kwenye akaunti zao. Ikishaingia, utaona pikipiki mpya na mabati mapya yanang'aa juu ya nyumba. Desemba shule zikifungwa ndiyo ngoma za jando na unyago, na hapo biskuti haziulizwi kwa pakiti bali kwa katoni. Kufika Februari mfuko umetoboka. Mei na Juni ile kidogo iliyobaki inakwenda kwenye mashamba, kupalilia na kupuliza salfa ili ugonjwa wa ubwiri unga usile maua.

Mimi ni mtoto wa Lindi, haya niliyajua tangu utotoni. Ila nilipovaa fulana ya kampuni niliyasahau, nikaamini karatasi ya ofisini.

Februari 2023 nilikuwa nyuma ya lengo kwa zaidi ya nusu. Supavaiza anapiga simu kila jioni. Nikafanya ambalo watu wengi wa mauzo wanafanya na hawasemi: nikausukuma mzigo. Nilizunguka Nanyamba, Tandahimba, Newala mpaka Masasi nikiwaachia wenye maduka katoni kwa mali kauli, chukua sasa, utalipa ukiuza. Kwenye simu ya kazi mauzo yakapanda vizuri kabisa. Mwisho wa mwezi nikapongezwa kwenye kundi la WhatsApp, na vile vidole gumba vya pongezi nilivihesabu.

Mzigo ulibaki kwenye rafu. Duka la bati lenye jua la mchana ni tanuri, na krispi haipendi joto wala mwanga. Barabara nayo ilikuwa na sehemu yake: lami wakati ule ilikuwa inaishia Mnivata, kilomita 50 hivi kutoka mjini, baada ya hapo ni vumbi na mashimo, na katoni za chini zinafika zimekuwa unga. Mwezi Juni nilianza kupokea simu za kuja kuchukua mzigo uliopitwa na tarehe. Kwa Kitangari nilikuta katoni tatu hazijaguswa. Yule mama hakunigombeza. Alizisogeza kwa mguu mpaka mlangoni na kusema, "Wewe ni mtoto wa huku. Ulijua."

Kampuni ina utaratibu wake: mzigo unaorudi ukizidi kiwango fulani, tofauti inakatwa kwenye kamisheni ya muuzaji. Nilikatwa miezi mitatu mfululizo. Sikuwa na pa kulalamikia, sahihi kwenye fomu ilikuwa yangu. Ila kukatwa kwa kosa ambalo lengo lenyewe linakulazimisha ulifanye, hiyo bado inanikera, na nikiandika hapa inanikera upya.

Na kuna jambo moja nisiposema nitakuwa nimewaonea huruma bure. Katikati ya njaa ile ofisi ilituletea bidhaa mpya tuisukume kusini: korosho za pakiti. Korosho! Mtwara! Mahali ambapo watoto wanazipanga kwenye sahani kando ya barabara, na hakuna nyumba isiyojua kuzikaanga. Korosho ghafi zinapakiwa hapa hapa kwenda India na Vietnam, na mimi nateremsha katoni kutoka Dar es Salaam kuja kumuuzia Mmakonde korosho kumi ndani ya mfuko unaong'aa. Babu alizigeuzageuza, akasoma maandishi yote mbele na nyuma. "Mwanangu, hizi tumwuzie nani? Zimetoka hapa zikiwa wanawali, zimerudi bei ya bibi harusi."

Kilichonitoa ni daftari. Programu ya kampuni inajua nimempa nani katoni ngapi. Haijui amebakiza ngapi. Nikanunua kaunta buku, kila duka kurasa mbili, na kila nikipita nahesabu kilichobaki kwenye rafu kabla sijataja mzigo mpya. Mwanzoni wenye maduka walidhani natumwa na watu wa kodi. Pembeni nikaandika yaliyokuwa yanatokea pale: AMCOS imelipa, AMCOS haijalipa, kuna unyago mitaa ya nyuma, shule imefungwa. Katoni za zamani nikawa nazivuta mbele na mpya naziweka nyuma, kwa mkono wangu, kila safari. Mali kauli nikaiacha kabisa kuanzia Februari mpaka Agosti. Miezi hiyo niliwapa pakiti ndogo tu, za shilingi mia mbili, zile ambazo mtoto wa shule anaweza kuzimudu hata kama korosho bado ni maua.

Miezi sita mauzo yangu yalionekana mabaya kwenye simu. Niliitwa Dar es Salaam kujieleza, nikaenda na kaunta buku kwenye mfuko wa rambo. Supavaiza aliifungua kwa ncha za vidole. Akafika ukurasa wa yule mama wa Kitangari: Oktoba katoni 2, Novemba 6, Desemba 9, Januari 3, Februari pakiti ndogo tu. Mzigo uliorudi, hakuna. Akaniuliza AMCOS ni nini. Nilimweleza kwa saa nzima, mpaka chai yake ikapoa.

Hakusema ndiyo. Alisema ataliangalia.

Kilichosaidia zaidi ya maelezo yangu kilikuwa kimbunga. Mei 2024 Hidaya kilipita pwani, mvua zikakata barabara ya kusini maeneo ya Kilwa, na kwa siku kadhaa hakuna lori lililotoka Dar es Salaam kuja kwetu. Waliokuwa na haraka walizunguka Songea, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Wafanyabiashara wa jumla mjini walitaka kununua stoo yote ya wakala wetu waifungie. Safari hii ofisi ndiyo iliyonipigia mimi: nani tumpe, nani tumwache? Nilifungua daftari nikasoma duka kwa duka. Wengi niliwaruka, walikuwa na mzigo wa kuwatosha wiki tatu na wenyewe hawajui.

Oktoba ile bei mnadani ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo. Babu alipakia Kenta mpaka mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba.

Karatasi mpya ya malengo ilikuja Januari 2025. Mtwara ina mistari yake yenyewe sasa. Februari imeshushwa kwa theluthi moja, Mei vilevile. Oktoba mpaka Desemba wamepandisha, tena zaidi ya nilivyopendekeza mimi, kwa hiyo mwisho wa hesabu mwaka ni uleule na kamisheni haikuongezeka hata mia. Lakini sijakatwa tangu hapo, na Kitangari nikifika nakaribishwa kiti.

Korosho za pakiti bado zinakuja, katoni mbili kila baada ya miezi mitatu. Sasa zina pilipili.