Msitu ulioungua nikiwa mbali

Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 niliutazama kwenye simu, nikiwa Ujerumani, zamu ya usiku. Ulianzia Whona, kati ya vibanda vya wapandaji vya Mandara na Horombo. Mamia ya watu walipanda kuupiga kwa matawi, na mimi kazi yangu ikawa kurudia video ileile.

Sasa nimerudi, miaka 13 tangu niondoke, na nikamwomba mtoto wa kaka yangu, siku hizi anaongoza wageni, anipandishe. Kilele cha Uhuru sikukitaka. Nilitaka ule msitu.

Haupo. Juu ya Mandara (mita 2,720) unatembea kivulini, mbega wanaruka, mara anga linafunguka. Zile erika, miti ya huku juu, zilizokuwa zikikutana juu ya njia, zimejaa ndevu za kijivu, zimebaki mifupa: nyeupe upande mmoja, nyeusi ukizunguka. Nilishika moja, gome likabaki kiganjani, na mkaa wa chini yake ukanichafua kama wa jana. Na siulilii uzuri tu. Vijani vyake vidogo vilikuwa vikinasa ukungu na kuudondosha ardhini, maji ambayo sisi wa bondeni tunayahitaji.

Vichaka vipya vimefika kiunoni. "Bamdogo, hapa ndipo ninapopapenda kuliko kote," kijana akasema, akinyoosha kidole: kilele cha Mawenzi wazi, tangu miguuni hadi menoni. Enzi zangu hapa ulikuwa huoni kitu. Yeye ameanza kazi baada ya moto. Nikanyamaza.

Kesho yake tukatoka Horombo, tukapita Mwamba wa Zebra, tukakwea tuta lililo chini ya Mawenzi. Kilele chenyewe (mita 5,149) ni cha wenye kamba. Sisi tulikwenda kwa mikono na miguu, na hapo tu nilitosheka. Jiwe la Mawenzi limeoza: unalishika, linakufuata. "Usivute bamdogo, kandamiza." Kila jiwe alilipiga kwanza kwa kiganja, likitoa sauti ya utupu, analiacha. Nilimtii kama mtoto.

Juu tulijibanza upepo usitupate. Nikamsimulia ya bibi: Mawenzi kila siku alikwenda kwa Kibo, kilele jirani kilicho kirefu zaidi, kuomba moto, eti wake umezimika, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi; ndiyo maana amechanika vile. Hakuwa ameisikia.

"Aliomba moto?" akauliza, akageuka kutazama kule chini, kwenye miti myeupe.