Nyumba ya Ipuli na Uhamisho wa Songea

Ujumbe wa uhamisho ulimfikia mume wangu katikati ya mwezi Machi mwaka jana, na kwa kuwa yeye ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, hapakuwa na la kujadili: alitakiwa kuripoti Songea baada ya wiki tatu. Tulikuwa tumeishi Tabora miaka 11. Katika miaka hiyo tulitoka kwenye kota za kambini, tukapata kiwanja Ipuli, tukajenga chumba baada ya chumba kila mshahara uliporuhusu, hadi tukawa na nyumba ya vyumba vitatu yenye kisima na mwembe wa dodo ambao tuliukuta pale. Kwao mume wangu ni Njombe, na tulikuwa tumekubaliana siku nyingi kwamba atakapostaafu tutaishi huko. Uhamisho wa kusini ulituambia kwamba wakati wa kuiuza nyumba ya Ipuli umefika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba mauzo yangetangulia na familia ingefuata. Nilipanga kila kitu kwa kutegemea siku ambayo mnunuzi angetokea: nilikataa oda za sare za shule ambazo hunipa kipato kikubwa katika ushonaji wangu, sikulipa ada ya muhula wa pili kwa mtoto mdogo, hata mbegu za mboga sikupanda. Barua ya jeshi ina tarehe, lakini soko la nyumba halina. Mwisho wa Mei mume wangu alikuwa na mwezi na nusu Songea akipika mwenyewe, nami nilikuwa bado naishi kama mtu aliyekaa stendi na mizigo yake miguuni.

Kosa la pili lilikuwa kumweleza dalali wa kwanza ukweli wote. Nilimwambia tunahama, nikamtajia na siku. Tabora ni mji ambao habari hutoka Ipuli asubuhi ikafika Kanyenye kabla ya adhuhuri, na baada ya wiki moja kila aliyekuja kuitazama nyumba alianza kwa kuniuliza, "Afande ameshaondoka?" Tuliitangaza kwa shilingi milioni 65. Mtu wa kwanza alitaja milioni 42, na alipoona nimekunja uso akasema kwa upole kwamba nyumba ya mtu anayehama haipandi bei kwa kukaa. Sikumjibu kitu. Niliumia, kwa sababu nilijua kila tofali lililokuwa ndani ya ukuta ule, lakini nilijua pia kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyempa fimbo hiyo. Dalali wa pili nilimwambia tu kwamba tunauza, na kwamba hatuna haraka.

Hiyo kauli ya kutokuwa na haraka ilibidi niifanye iwe ya kweli, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mume wangu alipiga simu jioni moja baada ya kazi, tukakubaliana kwamba tarehe ya familia na tarehe ya nyumba zitenganishwe kabisa. Mimi na mtoto wa darasa la tatu tungeondoka shule zikifungwa mwezi Juni, nyumba iwe imeuzwa au haijauzwa. Binti yetu alikuwa darasa la saba, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kumhamisha mtoto ambaye tayari amesajiliwa kufanyia mtihani katika shule yake, akiwa amebakiza miezi michache, lingekuwa jambo la kumwonea. Angebaki kwa mama yake mkubwa, dada yangu anayeishi Cheyo. Mtoto wa kiume wa dada huyo, anayesoma chuo pale Tabora mjini, angelala katika nyumba yetu ili taa iwake na kisima kitumike.

Majirani wengi walinishauri nipangishe. Nililifikiri sana shauri hilo, kwa kuwa kodi ya miezi sita inayolipwa kwa mkupuo ingetusaidia. Lakini mpangaji aliyelipa miezi sita ana haki ya kuikaa miezi yake, na mnunuzi anayetoa fedha zake hataki kuambiwa asubiri hadi Desemba. Kwa nyumba ambayo kweli unataka kuiuza, naona mlinzi wa ukoo ni bora kuliko mpangaji. Kwa sababu hiyo hiyo sikupakia makochi wala mapazia: gari la mizigo la uhamisho lilikuwa moja, likabeba vitanda, cherehani zangu na vyombo, na sebule ikabaki kama ilivyokuwa, kwa kuwa nyumba tupu humfanya mtazamaji aanze kutafuta nyufa.

Kuhusu nyaraka nitaeleza kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndizo zilizotuokoa. Kabla mume wangu hajaondoka, tulikwenda kwa wakili akaandaa hati ya kisheria inayonipa mamlaka ya kutia saini kwa niaba yake katika mauzo ya nyumba hiyo, tukaisajili kwa Msajili wa Hati. Askari hawezi kuomba ruhusa ya kusafiri siku mbili kwa basi kila mnunuzi anapobisha hodi. Ridhaa yangu mimi kama mke nayo iliandikwa, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenza mmoja kuiuza nyumba ya familia bila mwenzake kuridhia, na mnunuzi makini huiulizia. Kodi ya majengo haikutusumbua, kwa kuwa tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye umeme wa LUKU unaolipiwa kabla ya kutumika, lakini kodi ya pango la ardhi tulikuta tunadaiwa miaka miwili, tukailipa. Hati yetu ni ya miaka 33, na kwa kuwa ardhi yote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, unachouza ni haki ya kuitumia kwa muda uliobaki. Nilijifunza kuutaja muda huo mapema kabla sijaulizwa. Risiti za saruji, mabati na nondo nilikuwa nimezitunza ndani ya kopo la biskuti tangu msingi ulipochimbwa. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na faida hupatikana baada ya kuondoa gharama unazoweza kuzithibitisha. Kopo lile lilitupunguzia kodi kwa kiasi ambacho kililipa nauli zetu zote.

Mnunuzi wetu alikuja mwezi Juni, siku nne kabla sijasafiri. Alikuwa mzee mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, aliyetaka nyumba mjini kwa ajili ya wajukuu wanaosoma. Alinisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," nikamwamkia shikamoo, akaizunguka nyumba mara mbili bila kusema neno, akainamia kisima, kisha akaketi chini ya mwembe.

"Mwanangu, nyumba nimeipenda. Marobota yangu ya tumbaku yamekwishapimwa kwenye chama cha ushirika, lakini malipo bado hayajaingia. Utanisubiri?"

Kama angeniuliza hivyo mwezi Aprili, ningemwona anapoteza muda wangu. Lakini anayeishi Tabora anajua kwamba fedha za mkoa huu hutembea na masoko ya tumbaku, na kwamba mkulima anayekwambia nisubiri hadi Agosti huenda ni mkweli kuliko mfanyakazi anayeahidi mwisho wa mwezi. Nilimwambia nitamsubiri, ila nyumba itaendelea kutazamwa na wengine hadi atakapolipa chochote. Alikubali. Tulipatana milioni 58.

Nilisafiri kwenda Songea kupitia Dodoma na Iringa, tukalala njiani usiku mmoja, mtoto akiwa ameegemea begi lenye nakala za hati zote. Malipo ya mzee yaliingia mwishoni mwa Agosti. Nilirudi Tabora mwezi Septemba, nikaandikiana naye mkataba mbele ya wakili, akalipa nusu kupitia benki, na tukajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 kwa ajili ya kuomba kibali na kuhamisha umiliki. Nusu ya pili ilitakiwa kulipwa uhamisho utakapokamilika. Binti yangu alimaliza mtihani wiki hiyo hiyo, nikarudi naye.

Fedha za mwisho ziliingia mwezi Novemba, alasiri ambayo mume wangu alikuwa lindoni bila simu. Nilimweleza asubuhi aliporudi. Aliomba nimtajie kiasi mara mbili, akanywa chai yake, kisha akasema ataomba ruhusa ya siku tatu. Jumamosi iliyofuata tulikuwa Njombe tukitazama kiwanja, na kabla sijapiga hatua ndani ya mipaka yake nilimwomba mwenye kiwanja anionyeshe hati halisi, nikamuuliza pia mkewe yuko wapi na kama amekubali kuuza.