Simu haikulala Sake

Juzi nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi wangu wa mwaka wa sita hapa Goma. Nilikaa barazani kutafuta mwanga, maana umeme ulikuwa umekatika tena. Niliwaagiza waandike ukurasa mmoja juu ya mlipuko wa volkano yetu, Nyiragongo, wa 2021. Daftari la kwanza: lava ilikatiza katikati ya mji ikaingia Ziwa Kivu. La pili, hivyo hivyo. Nilipofika la tisa nikaweka kalamu chini, nikaanza kuhesabu. Madaftari 18 kati ya 43.

Lava iliyopasua mji hadi ziwani ni ile ya 17 Januari 2002. Ya 22 Mei 2021 iliishia Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Mtoto wa Goma kuchanganya hayo!

Kesho yake nikauliza darasani. Kimya. Mwishowe ukweli ukatoka: mmoja tu ndiye alikuwa na mega za intaneti. Aliuliza programu ya akili bandia, akaandika jibu, akapiga picha daftari lake na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Wengine walinakili asubuhi kabla ya kengele, pamoja na kosa lake: "Nyirangongo" kwa wote 18.

Nikamwita msichana mmoja wa mtaa wa Majengo.

"Mwaka 2021 ulikuwa wapi?"

"Sake, Prof. Tulitoka tarehe 27, walipotuambia tuhame. Tulilala kanisani."

"Mliporudi, katikati ya mji kulikuwa na lava?"

"Hapana, Prof."

"Sasa hii uliyoandika?"

"Simu ndiyo ilisema."

Jibu hilo lilinikaa rohoni kuliko kunakili kwenyewe. Kunakili kulikuwepo tangu enzi zetu. Lakini huyu alikimbia kwa miguu yake, akarudi akaona kwa macho yake, halafu simu ikamshinda. Wazazi hupenda kusema watoto wa leo wanajua simu kuliko sisi. Kuibonyeza, ndiyo.

Nikawaeleza kwamba programu ile haikumbuki kitu. Imelishwa maandishi mengi mno, nayo hupanga neno linaloelekea kufuata lingine. Lava ya 2002 imeandikwa sana, kwa hiyo nadhani ilipoona "Nyiragongo" na "Goma" ikavuta na ziwa humo humo. Na inasema bila kusitasita, hata pale inapokosea.

Sikuwakataza. Ningewakatazaje, na mimi mwenyewe huitumia kutunga maswali ya interro, yale majaribio mafupi ya darasani? Niliwapa kazi upya, safari hii juu ya 2002: kushoto jibu la simu, kulia maneno ya mtu wa nyumbani aliyeshuhudia, na mahali yasipopatana waweke alama nyekundu.

Yule msichana alimhoji tate wake, mama ya mama yake. Alisimulia walivyorudi wakipita juu ya lava ambayo bado ilikuwa na moto chini, ndala zikaanza kuyeyuka, akambeba mtoto mgongoni na godoro kichwani. Upande wa kushoto hapakuwa na ndala wala godoro.

Lakini tate alisema ilikuwa Jumatano, na simu ikasema Alhamisi. Nikatazama kalenda: Alhamisi kweli. Pembeni, kwa wino mwekundu, msichana alikuwa ameandika: "Nilimuuliza tena siku. Amekasirika."